Hodi Tatu za Clem Duckworth

Kwanza tuelewane jambo moja: mimi nilikuwa kipa mzuri. Sisemi wa timu ya taifa, hapana, upuuzi huo sijawahi hata kuuota, lakini kwa miaka tisa langoni pale Harrowclough Town, daraja la tatu, kanda ya kaskazini ya Uingereza, mtu akitaka kunifunga ilibidi atoke jasho. Aliyecheza mbele yangu miaka yote hiyo alikuwa Clem Duckworth, kiungo wa kushoto, mwenye matege, baadaye nahodha, baadaye kocha. Wiki iliyopita gazeti letu limeandika habari zake na limeziandika vibaya. Na aliyelifanya liandike vibaya ni mimi, Wilf Entwistle. Kwa hiyo nisikilizeni, na anayetaka kucheka angoje nimalize.

Mimi na Clem tulifika klabuni siku ileile moja, Agosti ya 1946. Vita vimeisha, ligi ndiyo inaanza tena. Mimi nilikuwa dereva wa malori jeshini. Clem alikuwa ameitembea Italia nzima kwa miguu, na akidai kwamba huko ndiko miguu yake ilikopindia. Alikuja na ile suti ya serikali waliyopewa wote walioachishwa jeshi, mikono yake imeishia karibu na viwiko.

Nikamwambia, "Bwana, mwenye suti hiyo amekufa, au bado anaitafuta?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye kipa?"

"Ndiye."

"Basi kazi ninayo."

Urafiki ulianzia hapo. Klabu ikatupa nyumba mtaa wa Alma, yeye na mkewe Nora namba kumi na moja, mimi na Myra wangu namba tisa. Nyumba zilikuwa mali ya klabu: unacheza, unakaa, huchezi, unatoka. Tulijua hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyelalamika.

Sasa, kwetu mlango wa mbele si mlango wa kupita. Kizingiti chake kinasuguliwa kila Ijumaa mpaka king'ae, halafu hakanyagi mtu. Ni wa daktari, wa mchungaji, wa polisi, wa bibi harusi na wa jeneza. Mtu wako anaingia kwa mlango wa uani, habishi hodi, anafuta viatu na kuuliza chai iko wapi. Clem aliingia jikoni kwetu hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka tisa.

"Myra, kipande hiki cha pai ni cha nani?"

"Cha Wilf."

"Aa, basi hakina mwenyewe." Na kinaenda.

Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Hakuwa na mbio, Mungu amrehemu, kobe angemwacha, lakini alijua mpira unakwenda wapi kabla mpira wenyewe haujajua. Alicheza mechi mia tatu na kumi na mbili. Moja aliicheza na mbavu mbili zimevunjika, siku ya Ijumaa Kuu, kwenye tope la kufika vifundoni, na kila nikidaka alikuwa ananigeukia anacheka, meno yote yana matope. Yeye na Nora hawakujaliwa mtoto. Nora alikuwa akisema mtoto wake ni ile timu, na kwamba ni mtoto asiyeoga.

Novemba ya 1954 goti la Clem likaenda. Nililisikia kutoka langoni, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Mwaka mpya klabu ikamfukuza kocha, na Bwana Fothergill, mwenyekiti, mwenye kiwanda cha ndara za manyoya, akaona si haja ya kutafuta mbali. Akampa Clem kazi.

Jumatatu ya kwanza tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, kelele, mafuta ya kuchua yananuka, mara mlango ukagongwa. Tukatazamana. Hakuna anayegonga mlango ule. Akaingia Clem, amevaa tai. Miaka tisa amekaa uchi ndani ya chumba kile akiimba, leo anabisha hodi!

Nikasema, "Karibu, Clem, funga mlango, baridi inaingia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Masikio yalimwiva. Akasema polepole, "Ni Bosi, Wilf."

Loo! Mimi nilivimba. Leo naelewa, ndiyo desturi, kocha hawezi kuitwa Clem na mmoja na Bosi na wengine, timu haiendi. Lakini siku ile nilivimba. Na tangu siku ile hakuingia tena jikoni kwetu, kwa sababu kocha hanywi chai na mchezaji mmoja akawaacha wengine kumi. Jioni nilikuwa namsikia upande wa pili wa ukuta wa ua, anavuta kiko chake, anakohoa. Nami nimekaa upande wangu. Ukuta wenyewe ungeweza kuuvuka kwa kuinua mguu.

Msimu ule nilikuwa na miaka thelathini na sita. Vidole vinne vilishavunjika na kupona vibaya. Krosi zikija nilikuwa naziona vizuri, ila mikono inafika imechelewa kama barua ya posta. Mwezi Machi nilifungwa mabao kumi na tisa. Siwezi kusema Clem alikosea. Angenibakiza ningemwona mjinga.

Kila mwisho wa Aprili kocha huandika orodha ya wanaobakizwa. Asiyekuwamo hupelekewa barua, iliyopigwa chapa na katibu, inafika Jumamosi asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa kila klabu. Lakini Clem hakutaka nipate barua kabla hajaniambia kwa mdomo wake. Hilo nalijua. Nalijua kwa sababu alikuja.

Alikuja Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mimi na Myra tulikuwa sebuleni mbele ya televisheni. Tuliinunua mwaka ule malkia anavikwa taji, na leseni yake ya serikali, ile ambayo mtu hupita nyumba kwa nyumba kuikagua, hatukuwahi kukata. Myra si mwizi, jamani; alikuwa anasema tu kwamba hewa ni ya Mungu. Mara ngo, ngo, ngo. Mlango wa mbele.

"Mtu wa leseni!" Myra akaizima televisheni, akajitupa chini nyuma ya kochi, mwanamke mzito yule, akanong'ona, "Panda juu umchungulie. Taratibu!"

Nikapanda. Nikasogeza pazia la lesi kidogo. Pale chini, juu ya kizingiti, alisimama Clem. Suti ya Jumapili, kofia mkononi, ule upara wake mdogo wa utosini unang'aa. Miaka tisa hakuwahi kuugusa mlango ule. Alikuja kama Bosi, na habari aliyobeba aliona si ya kupitishia jikoni.

Nitasema wazi, maana nimechoka kulibeba: nilijua ni yeye na nilijua amekuja kusema nini. Ngazi zetu ni kumi na tatu. Ningeshuka, ningefungua, angesema, tungelia, Myra angeweka birika motoni. Badala yake nilisimama pale nimebana pumzi, nikiwaza: nisipofungua, mimi bado ni kipa wa Harrowclough Town.

"Ndiye?" Myra akauliza kutoka chini.

"Ndiye."

"Ana mkoba?"

"Anao."

Akarudi Jumatano. Akarudi Alhamisi, mvua inanyesha, akasimama mpaka kofia ikalowa, akabisha, akangoja, akabisha. Siku zote tatu nilikuwa juu. Siku zote tatu nikamwambia mke wangu ni mtu wa leseni. Ijumaa hakuja, na Jumamosi ikaja barua: klabu inakushukuru, klabu haitahitaji tena huduma yako, tafadhali nyumba iwe wazi ndani ya siku ishirini na nane.

Hasira iliyonipanda! Ajabu ya mwanadamu: hasira ile ilikuwa ya kweli kabisa. Nilikwenda nayo moja kwa moja mpaka baa ya Fleece, nikaibamiza barua mezani mbele ya watu.

"Miaka tisa! Ukuta mmoja! Mtu amekula pai zangu miaka tisa, anashindwa kunitazama usoni, anatia stempu!"

"Hakuja kukwambia?" akauliza Harold Pickup, yule aliyekuwa akikaa nyuma ya lango langu kila mechi.

Pale ndipo ningeweza kuishia. Swali lenyewe lilikuwa jepesi.

"Hakuja," nikasema.

Neno hilo lilizunguka mji kabla sijamaliza bia yangu. Msimu uliofuata Clem akitokeza tu uwanjani, watu walikuwa wanampigia kelele, "Duckworth! Stempu zimepanda bei!" Vijana wake wenyewe walimpa jina, wakamwita Posta. Wakigombana wao kwa wao wanamwonya mwenzao, "Angalia, Posta atakuandikia." Kocha anayeitwa hivyo haambiwi kitu na mchezaji, si maumivu ya mguu, si matatizo ya nyumbani. Walimtii. Hakuna aliyempenda. Naye hakufungua kinywa hata siku moja kujitetea.

Sisi tulihamia mitaa mitatu kutoka pale, nikashona ndara za Fothergill mwaka mzima, kisha nikapata kazi kwenye kampuni ya mabasi. Agosti ya 1956 mwenye mabasi akaniambia, "Wilf, Jumamosi unaipeleka timu ya Town. Wewe unawajua."

Nilitaka kukataa. Nikakosa sababu ya kumpa.

Ndani ya basi la timu, kiti cha Bosi ni kile cha nyuma ya dereva, na hakuna anayekaa naye. Wachezaji wanakwenda nyuma kucheza karata na kuimba matusi. Bosi anakaa peke yake, kofia yake ndiyo jirani yake. Basi Clem akapanda, akaniona kwenye usukani, mguu ukasita kidogo juu ya ngazi.

"Habari za mchana, dereva."

"Nzuri, Bosi."

Misimu minane, mabibi na mabwana! Misimu minane tuliivuka milima kwenda Yorkshire na kurudi, yeye yuko nyuma yangu mkono mmoja tu, ningemsikia akimeza mate, na mazungumzo yetu yakawa ni hayo. Nilikuwa na kioo cha juu. Nikitazama barabara ya nyuma namwona yeye. Alizeeka ndani ya kioo kile. Nywele zilikwenda, mashavu yakaanguka, na goti alikuwa akilikanda kwa kiganja barabara nzima bila kujua kwamba analikanda.

Safari moja, msimu wa pili, tulisimama njiani watu wanunue chakula. Clem akarudi na pai mbili za nyama na viazi. Moja akaiweka juu ya kifuniko cha injini, pembeni ya mkono wangu, akaenda kukaa. Harufu yake ilinifika tumboni. Sikuigusa. Tulikwenda Kelderby, wakacheza, tukarudi, pai ipo palepale imeganda mafuta. Tulipofika aliichukua mwenyewe, akaifunga vizuri kwenye karatasi yake, akateremka nayo. Hakununua mbili tena.

Mtaniuliza, ulikuwa na hasira gani ya kudumu hivyo? Hapana, hasira iliisha mapema. Kilichobaki kilikuwa aibu. Ningemwambia nini? Nikimsalimu kirafiki ni kama namsamehe, na cha kumsamehe hakipo. Nikimwambia kweli, mji mzima utajua Wilf Entwistle ni mtu gani. Nikapiga kimya. Siku moja ya kimya ni ngumu. Mia zinakwenda zenyewe.

Nora alikufa majira ya baridi ya 1960. Myra alikwenda, akaingia kwa mlango wa uani, akaosha vyombo pamoja na wanawake. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na sare yangu ya kazi. Walipomtoa Nora kwa mlango wa mbele, Clem alikuwa nyuma ya jeneza peke yake. Klabu ilileta shada la maua na Fothergill alileta gari lake, lakini ubavuni mwake hakuwa na mtu. Akaniona. Nilivua kofia. Akainamisha kichwa. Kisha nikaenda kazini.

Jioni Myra akasema, "Amekuulizia."

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama vidole vyako vinauma bado kwenye baridi."

Nilitoka nikaenda chooni uani, nikafunga mlango, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Niliporudi nikamwambia Myra yote, pazia na mtu wa leseni. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Wilf, wewe ni mshenzi."

"Najua."

"Mume wa Nora anaitwa Posta miaka mitano kwa ajili yako. Kesho unakwenda kumwambia."

"Kesho."

Kesho hiyo ilichukua miaka minne. Myra aliniuliza kila Jumapili kwa mwaka mmoja, halafu akaacha kuniuliza, na kuacha kwake kuliniuma zaidi.

Aprili ya 1964 tulikwenda Kelderby tena. Tukafungwa tano kwa moja. Nilikuwa nimeegemea basi nje nikinywa chai wakati Fothergill na wenzake wanatoka, wakaingia kwenye gari lao, wakaondoka bila kumtazama mtu. Mchezaji mmoja akapita akaniambia, "Posta amemwaga unga. Wamemwambia pale pale kwenye korido, mvua inavuja." Kijana huyo alikuwa anatabasamu. Nusura nimmwagie chai.

Clem akapanda. "Habari za mchana, dereva."

"Nzuri, Bosi." Bosi wa nani tena? Lakini ndilo lililotoka.

Kwenye basi siku ile hawakuimba. Tulivuka milima jua likiwa bado lipo, kondoo wametapakaa, na kwenye kioo nilimwona amefumba macho ila hakulala. Wachezaji wakateremka uwanjani, mmoja mmoja, wawili tu ndio waliompa mkono. Kwa kawaida naye alikuwa akiteremka pale na kwenda ofisini. Siku hiyo hakuwa na ofisi.

"Nishushe popote, dereva."

"Nakufikisha nyumbani. Napita huko."

"Haya."

Nilikwenda mpaka kwenye ukuta wa kiwanda cha gesi. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko penalti yoyote niliyosimamia. Nikasimamisha basi kando, nikazima injini.

"Limeharibika?" akauliza.

"Halijaharibika. Clem." Jina lilitoka limekauka. "Ulibisha hodi kwangu."

"Mara tatu."

"Nilikuwepo."

"Najua."

"Hujui! Myra alidhani mtu wa leseni. Mimi nilijua ni wewe. Nilikuwa juu, nyuma ya pazia, nikakutazama mpaka ukaondoka. Siku zote tatu. Kisha nikaenda Fleece nikawaambia watu hukuja."

Sikugeuka. Nilisema yote hayo kwa kioo cha mbele, na usukani nimeushika kwa mikono miwili.

"Wilf," akasema, "najua. Pazia lilikuwa linatikisika. Pande la mtu kama wewe halijifichi nyuma ya lesi. Siku ya tatu ulikuwa na kikombe mkononi."

Sasa ndipo nikageuka. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikishaachia bao la kijinga, bila ukali, anangoja tu niuweke mpira chini tuanze tena.

"Ulijua? Miaka tisa ulijua? Sasa mbona hukusema! Wamekuita Posta, Clem, wamekuzomea, vijana wamekukimbia. Ungetamka neno moja tu pale Fleece, ningechekwa mimi!"

Alikanda goti lake. "Nilikuwa nimeshakunyang'anya kazi. Nimekunyang'anya nyumba. Nikunyang'anye na hasira? Ungebaki na nini, ndugu yangu?"

Nililia, sioni haya kusema. Yeye akatoa leso, akaipigapiga kwenye mgongo wa kiti changu mpaka nikaipokea.

"Nitawaambia watu," nikasema. "Kesho hiyohiyo. Nitasimama Fleece niwaambie wote."

"Si lazima. Jumanne naondoka. Kuna klabu Norway imeniandikia."

"Norway kuna mpira?"

"Wanasema upo. Chini ya theluji."

Tukacheka. Tulicheka vibaya, kama watu waliosahau namna yake. Halafu akasema, "Washa basi, watadhani tumeliiba." Nikamfikisha mtaa wa Alma. Alipokuwa anateremka nikamwambia, "Kesho njoo chai. Kwa mlango wa uani. Myra atafurahi."

"Kesho nafunga mizigo," akasema. "Lakini nitajaribu."

Jumapili Myra alitengeneza pai, akatoa na kabichi ya siki aliyokuwa akiipenda Clem. Tulikaa kuanzia saa kumi. Kila paka akipita uani Myra anainuka. Hakuja. Ningeweza kwenda mimi, mitaa mitatu tu, nikambebea na mizigo. Nilijiambia anataka kuwa peke yake. Jumanne akapanda treni, na hakuna aliyemsindikiza. Nilimuuliza mtu wa stesheni.

Huko Norway alifundisha miaka kumi na mmoja, mji mdogo wa samaki, timu ambayo hata jina lake siwezi kulitamka. Kila Krismasi alituma kadi. "Mvua ya huku ni ileile. Vidole vyako vipi?" Myra alimjibu, mimi nikatia sahihi. Na ile ahadi ya Fleece? Nilijiambia mtu mwenyewe hayupo, jina la Posta limeshasahaulika, ya nini kuchokonoa. Myra alifariki mwaka juzi bila kuisikia.

Mwezi uliopita Clem alikufa. Aliyeniandikia ni mlezi wa timu ile, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Alisema walimkuta asubuhi kwenye kiti chake, na kwamba alizikwa na wachezaji, maana ndugu hakuwa naye. Gazeti letu likampa mistari tisa. Mechi mia tatu na kumi na mbili zilipata mmoja. Mitano ilikuwa ya ile barua: kocha atakayekumbukwa kwa kumfukuza rafiki yake wa damu kwa posta, bila kuwa na ujasiri wa kubisha mlango wake.

Bila kubisha mlango wake! Nilikwenda na gazeti lile mkononi mpaka ofisini kwao. Kijana wa pale akanisikiliza, akaandika mstari mmoja, akasema, "Mzee, watu wanaikumbuka stori ya barua. Hii nyingine ni yako na yeye." Nikamwita mpumbavu, nikatoka.

Basi jana, Ijumaa, nilikwenda Fleece. Palikuwa pamejaa. Nikasimama katikati, nikagonga meza, nikasema yote kama nilivyowaambia ninyi. Kwamba alikuja Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kwamba alilowa. Kwamba nilimwona, kwamba nilisema uongo ndani ya chumba hikihiki, kwamba Clem Duckworth alijua na akanyamaza kwa ajili yangu. Nikajiandaa. Nilitaka wanizomee. Naapa nilitaka.

Harold Pickup, sasa ana miaka themanini, alikuwa anafuta macho.

"Wilf Entwistle," akasema, "mtu yule alikutenda vile, na leo amekufa unajitwika makosa yake ili jina lake lisafike. Sijawahi kuona moyo kama huo."

"Harold, hunisikii? Nilikuwa nyuma ya pazia!"

"Tunasikia, mzee wetu, tunasikia," wakasema wengine. Mmoja akanipiga bega. Mwingine akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata, baa nzima, watu wamesimama.

"Ni kweli!" nikapiga kelele. "Ni kweli, nyie wajinga!"

Wakazidi kupiga. Mwenye baa akanisogezea bia, akaisukuma pesa yangu pembeni, akasema leo hulipi. Wote walikuwa wananitazama kwa upendo, wazee na vijana ambao hata hawakuwahi kuniona langoni, na nikaona kwamba nikipiga kelele tena wataniona mwema zaidi.

Nikaitazama ile bia. Kisha nikainywa.